Nilipeleka Jibu Lisilokuwa Langu

Ndugu zangu wa kikao hiki cha Jumamosi, mchana mwema. Mwenyekiti kanisimamisha, na hilo peke yake ni dhuluma, maana wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kukaa. Pale kwangu Kilburn kuna kochi la kahawia. Upande wake wa kushoto umebonyea umbo langu kabisa. Siku nikifa mke wangu hana haja ya picha. Kazini, nyumbani, chai, blanketi, kulala. Watoto wangu walipokuwa wadogo waliulizwa shuleni baba yenu anafanya nini, wakajibu kwa Kiingereza chao kwamba baba anakaa.

Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mtu huyu huyu amewahi kumvunja mzee mkono, najua mtacheka. Chekeni sasa hivi basi, mumalize.

Tumekubaliana humu hatutaji majina, nami sitataja. Mambo yenyewe ni ya mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli. Mnaoijua kazi ile mnajua kwamba mashine ya kunyoosha ina rola ndefu za moto, na shuka haliingizwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, huyu pembe hii, yule pembe ile, mnavuta pamoja, mnaachia pamoja. Mmoja akichelewa, shuka linaingia upande, mashine inakwama, taa nyekundu inawaka, na msimamizi anakuja kuwauliza kama mlizaliwa msituni. Yule wa upande wa pili unamzoea mpaka pumzi yake. Wangu nilisimama naye miaka minne. Nitamwita Jirani. Na nyinyi wawili wa nyuma mnaokonyezana kwa habari ya kushirikiana shuka, nimewaona. Shuka la kazini!

Jirani alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mpole, nguo zake zimepigwa pasi hata za kazini. Na alikuwa na dada. Dada huyo hatukuwahi kumwona, lakini tulimla kila siku. Saa sita mchana Jirani akifungua kile kibakuli chake, chumba kizima kinanyamaza: chapati laini zilizokunjwa mara nne, mchuzi wa dengu, kachumbari imefungwa peke yake isiloweshe chapati. Sisi wengine tumeshika mkate wa duka. "Nani kakufungia?" "Dada." Basi. Watu walikuwa wanamsalimia dada kabla ya kumsalimia yeye.

Sasa palikuwa na kijana mmoja wa upakiaji, hawa wanaojaza maroli kule uani. Mtu wa lugha yetu hii hii. Mabega kama mlango, maneno mengi, hana mke. Alikula nusu chapati siku moja, akatangaza kwamba huyo dada ni wake. Ikawa mzaha wa kiwanda, wanamwita bwana harusi mpaka Waingereza wakalijua neno. Lakini mwenyewe hakuwa anafanya mzaha. Baba yake alikuwa amefariki, na aliyebaki kama mlezi wake hapa Ulaya alikuwa mzee mmoja wa pale pale kazini, wa kukunja taulo. Huyu nitamwita Mzee. Kijana akamwomba Mzee apeleke posa. Mzee naye, kwa heshima, hakumwendea Jirani moja kwa moja. Akanituma mimi, kwa sababu nilisimama naye karibu na kwa sababu, alisema, "wewe una mdomo."

Ndugu zangu, nilifurahi! Mimi, mtu wa kochi, nimefanywa mshenga! Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu. Akanitazama juu mpaka chini. "Mshenga gani, hata viatu havai!"

Kesho yake, mashine inanguruma, hakuna anayesikia kitu zaidi ya sisi wawili, nikaanza yale maneno yetu ya kuzunguka. Kwamba kuna ua tumelisikia harufu. Kwamba kuna watu wanabisha hodi. Jirani akavuta shuka, akaachia, akavuta lingine.

"Hakuna dada," akasema.

"Innalillahi. Alifariki lini?"

"Hajawahi kuwepo."

"Chapati nani anasukuma?"

"Mwanaume. Ni mtu wangu. Tunaishi wote mwaka wa sita huu."

Pembe ilinitoka mkononi. Shuka likaingia upande, mashine ikakwama, taa nyekundu ikawaka. Msimamizi alipofika nilikuwa bado nimenyoosha mikono hewani kama mtu anayepima kitambaa.

Jioni hiyo tulitembea pamoja mpaka kituo cha basi. Sitawadanganya kwamba nilikuwa mtu mwema papo hapo. Nilitembea upande mwingine wa njia kidogo, watu wasituone, kama kwamba jambo hilo lina harufu. Yeye ndiye aliyenisemesha. Alisema amechoka na dada. Kila mwaka dada anaongezeka: mwanzo alikuwa dada tu, baadaye akapewa umri, akapewa ugonjwa wa mgongo, sasa anaposwa. "Nafikiria kuwaambia," akasema. "Pale kwenye kreti."

Ngoja niwaeleze kreti. Pale kiwandani ilikuwa desturi: mwenye habari yake, mtoto kazaliwa, msiba, karatasi za ukaazi zimetoka, husubiri saa ya chai, hupanda juu ya kreti ya plastiki kando ya birika kubwa, husema mwenyewe. Wengine hugonga vikombe mezani. Hata ukiijua habari ya mwenzako kabla hajapanda, humsemei. Ni yake, atapanda mwenyewe. Wote tuliiheshimu desturi ile.

"Sijui lini," akasema Jirani. "Labda mwezi ujao, labda nisiseme kabisa. Nikipanda, nataka uwe karibu. Hivyo tu. Na mpaka hapo usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi kaburi."

Kaburi gani, ndugu zangu! Kaburi lenye mlango na kengele.

Kwetu Tanga mtu aliyetumwa posa lazima arudi na jibu. Ndiyo, au hapana, au amechumbiwa, lakini jibu. Mzee aliniuliza siku ya kwanza, nikasema bado. Siku ya tatu nikasema bado. Siku ya tano akasimama mbele yangu na taulo zake mkononi. "Mwanangu, unaniadhiri. Kijana ananiuliza asubuhi na jioni. Nimjibu nini?"

Ningesema amechumbiwa. Neno moja! Mke wangu mpaka leo huniuliza, hilo neno lilikuwa zito kiasi gani? Lakini mimi nilijiona nina akili. Nikawaza, Mzee ni mtu wa kuheshimiwa, akilisikia taratibu kwangu akalimeza, siku Jirani akipanda kreti ardhi itakuwa imeshalainishwa. Nikajiona ninamsaidia. Na niwaambie kweli yote: jambo lenyewe lilikuwa linanichoma ulimini. Nilitaka kuwa mtu anayejua.

Nikamwambia Mzee. Nikamwambia yote, na mwaka wa sita, na nani anasukuma chapati. Mzee akavuta uradi, akakunja taulo moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nimesikia," akasema.

Siku mbili zikapita.

Siku ya tatu, saa nane mchana, shifti zinapishana, nilitoka uani kupeleka toroli tupu. Uani pale kuna milima ya magunia ya mashuka machafu kutoka hospitali, na vizimba vya chuma vyenye magurudumu. Nikasikia kishindo, chuma ukutani. Nikadhani roli limegonga. Kikarudi tena, na safari hii kishindo kilikuwa na sauti ya mtu ndani yake.

Walikuwa wamemvika Jirani mfuko wa turubai kichwani, ule wa nguo chafu, wakamwingiza kwenye kizimba, wakafunga. Wawili. Wanarudi nyuma hatua kumi na kizimba, wanakisukuma mbio, wanakibamiza ukutani. Wanarudi nyuma tena. Mmoja alikuwa yule kijana, bwana harusi. Uso wake niliuona wote, umelowa machozi, ndugu zangu, analia kama mtoto huku anapiga. Wa pili alinigeuzia mgongo, Mwingereza wa hapa hapa. Na kila kizimba kilipofika ukutani kijana alipiga kelele: "Dada yako yuko wapi? Mwite! Mwite dada akufunge chakula!" Halafu wakafungua, wakamtoa chini, kijana akachomoa kile chuma cha kufungia mlango wa kizimba. Akampiga mbavuni. Akampiga palipokuwa na uso ndani ya mfuko. Mfuko ulikuwa mweupe. Mwingereza alikuwa anacheka, akamkanyaga mkono kwa kisigino na kuuzungusha kama mtu anayezima sigara.

Mimi nilikuwa wapi? Hili ndilo nililosimamishwa kulisema, na kila mara nikifika hapa magoti yananiambia kaa.

Nilikuwa ndani ya magunia. Nilijichimbia kwenye mashuka ya hospitali, yana damu za watu na mikojo ya watu, nikajifunika, nikaingiza shuka mdomoni nisipumue kwa sauti. Nilikuwa hatua nane. Nilikuwa nimekuja na toroli la chuma, ningeweza kuwagonga nalo. Ningeweza hata kupiga ukelele tu, ukelele ni kitu gani, mimi mwenye mdomo! Sikupiga. Nikasikiliza mpaka mwisho. Yale maneno ya dada na chakula yalikuwa yangu. Niliyajua yote kwa mpangilio wake. Nilimpa Mzee, Mzee akampa kijana, na sasa yalikuwa yanarudishwa kwa chuma.

Walipoondoka nikatoka. Nikauvua mfuko. Sitawaelezea. Taya lilikuwa limekwenda upande ambao taya haliendi. Jicho moja lilinitazama na nikajua linauliza kitu, nikapiga kelele ya kuita watu, sasa, baada ya wao kwenda. Watu wakaja mbio, wakanisifu kwamba nimemwokoa. Nikawaacha wanisifu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilifika kazini kabla ya wote, nikamkuta Mzee kwenye chumba cha kubadilishia nguo anafunga kamba za viatu.

"Ulimwambia!" nikasema.

"Alinituma," akasema Mzee. Alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja. "Alinituma nikampa jibu. Wewe je, hukunipa?"

Kulikuwa na ule mti mrefu wa kusukumia nguo kwenye mashine, umeegemezwa ukutani. Niliuchukua. Alinyanyua mkono kujikinga uso, na nikaupiga mkono ule, nikausikia. Kama kuni kavu. Nikampiga tena begani, na mgongoni alipoinama. Mtu wa miaka sitini na ngapi huko, kiatu kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa. Nawaambia kitu ambacho polisi sikuwaambia: ilikuwa tamu. Kwa muda wa mapigo yale matatu nilijiona shujaa. Nilimpiga kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu alikuwa mzee. Kijana mwenye mabega kama mlango sikwenda kumtafuta. Nilichagua.

Mzee alimwambia msimamizi ameteleza kwenye maji.

Nikaenda nyumbani nikakaa. Wiki tatu. Mwanzo nilisema naumwa, baadaye nikaumwa kweli. Kochi lile nililolipenda likawa shimo. Nikisikia kizimba cha maziwa cha dukani kikiburutwa njiani, ninaruka. Nikifumba macho, mfuko mweupe. Siogi, sili, mwanangu wa kiume akipita sebuleni anapita kwa ncha za vidole. Mke wangu alinivumilia wiki tatu kamili. Siku ya ishirini na mbili akaja na viatu vyangu, akavitupa kifuani pangu, kimoja, kingine.

"Mwenzio kafungwa taya kwa waya. Wewe umefungwa na nini? Vaa!"

Jirani alikuwa ametoka hospitali, yuko kwake Queensbury. Nilipanda treni nikajiambia nitashuka kituo kinachofuata nirudi, kila kituo, mpaka nikafika. Nikabisha hodi. Akafungua mwanaume wa makamo, Mhindi wa Nairobi, aproni kiunoni, unga mikononi. Nikajua niko mbele ya dada.

"Wewe ndiye wa upande wa pili wa shuka," akasema. Kiswahili chake kizuri kuliko cha watoto wangu.

"Ndiye."

"Amekuona dirishani; yeye ndiye aliyesema uingie. Mimi ningekumwagia mafuta ya moto yale ya jikoni." Akaniachia mlango wazi, akarudi jikoni.

Jirani alikuwa amekaa dirishani, uso wa rangi tatu, vidole vya mkono wa kushoto vimefungwa. Haongei, taya limefungwa kwa waya, anakunywa kwa mrija. Kwenye goti ana daftari na kalamu. Mimi, kama kawaida yangu, kimya kikanitisha, nikaanza kusema. Nilisema nusu saa. Nikamweleza Mzee na posa na jibu, nikalia. Nikamweleza magunia. Halafu, ndugu zangu, oneni ujinga, nikafikia sehemu ya mti na mkono wa Mzee na sauti yangu ikapanda. Nikaisimulia kama zawadi. "Nimekulipizia," nikasema. "Nimemvunja."

Jirani akachukua kalamu. Aliandika polepole, akanigeuzia daftari.

*Kumwambia, hukuniuliza. Kumpiga, hukuniuliza.*

Nikasoma. Akalichukua tena, akaongeza mstari.

*Mimi niko wapi katika mambo yako?*

Nimepigwa maishani. Mwalimu wa hesabu Tanga alinipiga, polisi wa Dar walinipiga. Sijapigwa kama nilivyopigwa na karatasi ile. Kwa sababu niliona. Siri yake niliifanya yangu, na maumivu yake pia niliyafanya yangu, nikaenda kuyamalizia kwenye mkono wa Mzee. Jikoni kule msukumio wa chapati ulikuwa umesimama. Yule mwanaume alikuwa anasikiliza.

Ikanitoka sentensi ambayo nilipaswa kuisema kule kituo cha basi, tangu siku ya kwanza. "Unataka nifanye nini?"

Akaandika muda mrefu. *Polisi. Mimi sikuona mtu, nilikuwa na mfuko. Wewe uliona. Sema ulichoona. Sema na pale ulipokuwa.* Halafu chini yake: *Mzee pia, nenda.* Halafu, baada ya kunitazama: *Nitarudi kazini. Nitapanda kreti. Simama karibu na birika. Usiseme kitu.*

"Hata neno moja?"

Akapigia mstari mara mbili neno *kitu*.

Nilianza na Mzee. Akafungua mlango, mkono uko kwenye plasta mpaka kiwikoni. "Umekuja kumalizia wa kushoto?" akaniuliza. Nikapiga magoti pale pale kwenye mkeka wa mlangoni, majirani wanaona. Hakuniinua. Nikamwambia ninakwenda polisi, nitamtaja kijana wake, na nitamtaja mkono wake pia. "Nimemlia chakula yule mtu," akasema, "kama nyinyi wote. Nilimpa kijana jibu nikadhani nafunga jambo." Akaufuta uso kwa ule mkono mzima. "Nenda kaseme."

Polisi nilisema niliyoyaona na niliyoyafanya, na magunia nikayasema. Yule askari wa kike aliandika bila kuinua kichwa, ila kwenye magunia aliinua. Kwa mkono wa Mzee nilipewa onyo rasmi, maana mwenyewe hakutaka kunishitaki. Kijana alikamatwa, baadaye akafungwa. Yule wa pili nilimwona mgongo tu, na mgongo hauendi mahakamani. Akabaki kazini. Wiki aliyokamatwa kijana, tofali lilipita dirishani kwangu mchana kweupe, likaangukia kochi, upande wa kushoto, pale pale kwenye umbo langu. Mimi nilikuwa msalani. Mke wangu alilitazama tofali limekaa pale akasema, "Angalau huyu haombi chai." Halafu akakaa chini akatetemeka mpaka jioni. Kazini nilipasuliwa mdomo mara moja kwenye ngazi, jino hili hapa mnaloliona halipo ndiyo sababu, si pipi kama nilivyomwambia mjukuu. Sikurudisha. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Jirani hakuwa amenituma kupigana, na hilo pia nilikuwa najifunza.

Miezi mitatu baada ya ule mchana Jirani akarudi. Amekonda, taya limepona lakini anaongea upande mmoja. Hatukusalimiana kwa maneno. Alichukua pembe yake, nikachukua yangu, tukavuta. Nilikuwa nimefanya kazi na watu sita miezi ile na mashine ilikuwa inakwama kila saa. Siku ile haikukwama.

Saa ya chai akapanda kreti.

Chumba kilikuwa kimejaa, na wote walijua tayari. Hiyo ndiyo dhambi yangu kubwa kuliko zote: walijua tayari. Nilikuwa nimeiba habari yake, na yeye alikuwa amekuja kuisema hata hivyo, kama mtu anayerudi kuchukua kitu chake kwenye nyumba ya mwizi. Nilisimama kando ya birika. Mikono mfukoni. Ulimi nimeuma.

"Nina habari," akasema, na ule upande mmoja wa mdomo. "Anayenifungia chakula si dada yangu. Ni mwanaume. Ni mwenzangu wa maisha, mwaka huu wa sita. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Bado naogopa. Lakini yeye anaamka saa kumi na moja kila siku kusukuma zile chapati, na sitaki tena mtu mwingine apewe sifa zake."

Birika linachemka. Halafu kikombe kikaruka.

Kilitoka upande wa ule mgongo. Kilikuwa kinamwendea Jirani usoni, na mimi nilikuwa katikati kwa sababu ndipo nilipoambiwa nisimame. Kikanipasua hapa, juu ya jicho. Chai na damu zikashuka pamoja. Ndugu zangu, nilikiona kila kitu: kifuniko cha birika, maji yanayochemka, uso wa yule mtu hatua tano tu. Mkono ulitoka mfukoni wenyewe. Nikageuka nikamtazama Jirani juu ya kreti. Akatikisa kichwa, kidogo sana.

Nikaurudisha mkono mfukoni. Nikasimama. Damu inadondoka kwenye viatu alivyonitupia mke wangu, na mimi, mwenye mdomo, kimya.

Hakuna aliyesogea. Yule mtu akatazama huku na huku atafute wa kucheka naye, hakumpata. Ndipo Mzee akainuka kule kwenye meza ya mwisho. Mkono wake ulikuwa umeshatolewa plasta lakini haukunyooka vizuri, haukunyooka mpaka alipofariki. Sikujua atasema nini. Jirani pia hakujua.

"Kwa hiyo zile chapati," akasema Mzee, "anasukuma yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, Mzee."

Mzee akafikiri. "Mwambie dengu azidishe ndimu."

Akakaa. Akachukua kikombe kwa ule mkono mbovu, akakigonga mezani. Mara moja. Wa pili akagonga mama mmoja wa Bukavu, wa idara ya sare. Halafu wengine. Si wote, nisiwadanganye, kama nusu. Nusu nyingine walinywa chai yao wakitazama ukuta, na wawili walitoka na yule mgongo na hawakukaa meza moja na Jirani tena. Lakini nusu ile, katika miaka ile, kabla sheria yoyote haijawalinda watu kama Jirani kazini, ilikuwa na kelele ya kutosha.

Basi, ninaowashukuru. Mke wangu, kwa viatu. Yule askari wa kike aliyeinua kichwa. Yule Mhindi wa Nairobi aliyenifungulia mlango na mafuta yako jikoni. Alinibandika plasta juu ya jicho jioni ile, na mpaka leo hajanipa chapati ya moto, ananipa ya jana, na ni haki yangu. Mzee, Mungu amrehemu, aliyeuficha mkono wake nilipouvunja na kuutoa ulipohitajika. Na Jirani. Wengine mtaniuliza yuko wapi siku hizi. Sijibu. Kama yuko humu, atasimama akitaka, na kama hataki, mmemwona mtu gani? Hamjamwona mtu.

Ninachowaomba ni hiki. Wako humu wanaofanya kazi majumba ya wazee, mahoteli, maofisini, na siku moja mtu wa upande wa pili atawaambia jambo lake huku mkono umeshika kazi. Litawachoma ulimini, nawaambia, litawaka. Mtajiona mna hekima ya kulitengenezea njia. Msilitengenezee. Muulizeni anataka nini, akisema msimame kando ya birika, simameni kando ya birika. Kikombe kikija, kikija kweli, pokeeni.

Mimi nimesema zaidi ya dakika nilizopewa. Mwenyekiti, ile hadithi ya leo nilimuuliza Jirani mwenyewe kama naweza kuileta hapa. Alifikiri wiki nzima kabla hajasema ndiyo.

Sasa naomba nikae.